Maswali ya Wafugaji: Mbuzi wa Mnadani, Mabibo na Chanjo ya Mdondo

Barua za safari hii zimetoka mikoa ya Mtwara na Lindi, na nyingi zimeandikwa katika kipindi ambacho fedha za korosho zimeanza kuingia mikononi na mifugo mipya imeanza kuingia uani. Zile zinazohusu maradhi ya kuambukiza nimezijibu kwa urefu, kwa sababu hasara yake haiishii kwa mfugaji mmoja.

SWALI: Baada ya malipo ya korosho nilinunua mbuzi watatu kutoka kwa mchuuzi aliyewaleta kwa lori, nikawaingiza moja kwa moja katika banda lenye mbuzi wangu sita na kondoo wawili. Haukupita muda mrefu wakaanza kutoa machozi na kamasi nzito, midomo ikafanya vidonda, wakaharisha sana na kuhema kwa shida. Wanne wamekufa. Jirani mmoja anasema wamekula majani yenye dawa ya mikorosho, mwingine anasema ni homa ya mapafu na kwamba niwachome sindano ya OTC, ile antibiotiki ya kuua bakteria. Nifanyeje na waliobaki?
Mfugaji, Kitangari, Newala

JIBU: Pole sana kwa hasara. Dalili ulizozitaja, zikichukuliwa kwa pamoja, zinaelekea kwenye sotoka ya mbuzi na kondoo, ingawa uthibitisho kamili hutolewa na maabara. Homa ya mapafu ya mbuzi nayo huleta kikohozi na kuhema kwa shida, lakini haina kawaida ya kuleta vidonda mdomoni wala kuharisha. Mfunue mbuzi mgonjwa mdomo wa chini uangalie ufizi: ukiona utando wa kijivu kama pumba iliyolowana, na chini yake nyama nyekundu iliyochubuka, huku pumzi ikitoa harufu mbaya, hapo huna sababu ya kuendelea kuilaumu dawa ya mikorosho.

Ugonjwa huu husababishwa na virusi, kwa hiyo hakuna sindano inayouponya. OTC huweza kupunguza makali ya vijidudu vingine vinavyovamia mapafu yaliyokwisha kudhoofika, na mtaalamu anaweza kuamua kuitumia kwa kusudi hilo, lakini anayekuuzia kwa ahadi ya kwamba itaondoa sotoka anakula fedha yako bure. Kinachomsaidia mgonjwa ni maji safi yenye chumvi kidogo na sukari ili kufidia yale anayoyapoteza kwa kuharisha, kivuli, na majani laini yasiyomuumiza mdomo.

Jambo la kwanza ni kumwarifu afisa mifugo wa kata leo hii, kabla hujamgusa mwingine kwa dawa. Watenge wagonjwa mbali na wazima, na anayewahudumia aanze na wazima ndipo aende kwa wagonjwa, kisha anawe kwa sabuni. Waliokufa wazikwe katika shimo refu. Ugonjwa huu hauambukizi binadamu, na ndiyo maana kuna watu huona si vibaya kumchinja mbuzi aliyezidiwa na kugawana nyama, lakini ngozi, matumbo na maji ya kuoshea vinavyotapakaa kijijini huwafikishia virusi mbuzi wa watu wengine. Kibaya zaidi ni kuwauza haraka wale ambao bado wanasimama, na sitaki kuamini kwamba umekwisha kulifikiria hilo.

Wilaya yako inaujua ugonjwa huu vizuri. Uchunguzi uliofanywa baada ya mlipuko wa kwanza kusini ulionyesha kwamba sotoka iliingia Newala mwaka 2009 pamoja na mbuzi walionunuliwa katika mnada wa Pugu, Dar es Salaam, kisha ikasambaa hadi Tandahimba. Njia ni ileile uliyoieleza katika barua yako: lori, mnyama mgeni, na banda moja. Mbuzi anaweza kupanda gari akiwa mchangamfu na anakula, ilhali virusi vimekwisha kuingia mwilini, kwa sababu dalili huchelewa kwa siku 4 hadi 6, na pengine hufika wiki mbili. Kwa hiyo mgeni yeyote, hata kama umepewa na shemeji yako, akae peke yake kwa wiki tatu, na chombo chake cha maji kisiwe kile cha wenzake. Ninajua kwamba kule juu ya uwanda wa Makonde maji ni ya kununua na ndoo ni chache, lakini ndoo ya pili ni rahisi kuliko mbuzi wanne. Vilevile, unaponunua, muulize mchuuzi kibali cha kusafirishia mifugo. Anayekuja bila kibali hajapita mbele ya macho ya mtaalamu yeyote.

Chanjo ipo, nayo ni nzuri: dozi moja humkinga mbuzi au kondoo kwa miaka isiyopungua 3. Watoto waliozaliwa na mama waliochanjwa husubiri hadi miezi 3 au 4, kwa kuwa kinga waliyoipata kwenye maziwa huizuia chanjo kufanya kazi. Kwa kuwa chanjo yenyewe inahitaji ubaridi na ikishachanganywa haikai, haifai kuinunulia mbuzi wawili. Jikusanyeni majirani mumwite mtaalamu mara moja. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011 kwa njia hiyohiyo ya chanjo, na mashirika ya kimataifa yameweka lengo la kuifuta hii ya mbuzi ifikapo mwaka 2030. Wale waliougua kwako wakapona hawataugua tena sotoka, wala hawabaki na virusi vya kuwaambukiza wenzao, hivyo usiwaondoe bandani kwa hofu.

SWALI: Shambani kwangu mabibo, yale matunda ya mikorosho, ni mengi kiasi kwamba tunayaacha yaoze. Nimewaachia mbuzi wale, na siku mbili hizi mmoja amevimba tumbo, anasaga meno na anayumba. Je, ni mabibo au ni salfa tuliyopuliza?
Msomaji, Tandahimba

JIBU: Kwa dalili hizo, na kwa majira haya, mimi ninayashuku mabibo. Salfa ya unga hupulizwa kuanzia Juni ili kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, kwenye maua, na mabibo yanapoanza kudondoka kazi hiyo huwa imekwisha au inaelekea mwisho.

Bibo lina sukari nyingi. Mbuzi aliyezoea majani akijaza tumbo kwa sukari ghafla, vijidudu vya tumbo lake kubwa huigeuza sukari hiyo kuwa asidi, tumbo husimama kufanya kazi, na asidi ikiingia katika damu mnyama hulegea na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Yale yaliyolala chini ya mti kwa siku kadhaa yamekwisha kuchacha, na mbuzi anayeyala huyumba kama mtu aliyetoka kilabuni kunywa uraka. Watoto hucheka, lakini ni dalili ya hatari.

Mwondoe shambani na umpe majani makavu tu. Chukua soda ya kuokea mikate (si magadi ya kutengenezea sabuni, ambayo huunguza), kiasi cha vijiko vinne vya chai kwa mbuzi wa kilo 20 hivi, koroga katika nusu lita ya maji ya uvuguvugu, umnyweshe taratibu kwa chupa upande wa shavu huku kichwa kikiwa usawa wa mgongo. Ukikiinua juu sana, maji yataingia mapafuni na utakuwa umemwongezea ugonjwa. Mtembeze polepole. Ikiwa amelala na hainuki, au tumbo la upande wa kushoto limekaza kama ngoma, usisubiri kesho, mwite mtaalamu.

Sisemi mabibo yatupwe, maana ni chakula kizuri kwa anayejua kipimo. Yaokote asubuhi yakiwa mabichi, ondoa korosho yote kwa sababu mafuta ya ganda lake huunguza midomo na utumbo, yakatekate, na uanze kwa kumpa kila mbuzi bibo moja au mawili baada ya kushiba majani, ukiongeza kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili. Yakikatwa vipande na kuanikwa juani hadi yakauke, yanaweza kuwekwa na kuchanganywa na pumba.

Kuhusu salfa, swali lako bado lina maana kwa msimu ujao. Mbuzi akilishwa kwa muda mrefu majani yaliyopakwa unga ule wa njano, anaweza kuharibika ubongo kwa kukosa vitamini B1: huonekana kama kipofu, huzungukazunguka, hukibana kichwa ukutani. Mtaalamu akiwahi na sindano za vitamini hiyo, anaweza kumwokoa. Usikate majani chini ya mikorosho inayopulizwa, wala usihifadhi mifuko ya salfa katika banda la mifugo. Ikiwa umepuliza dawa ya maji ya kuua wadudu, soma kwenye chupa ni siku ngapi zinatakiwa kupita kabla ya mifugo kuingia shambani, uzifuate.

SWALI: Kila mwaka kabla ya mvua mdondo unamaliza kuku kijijini kwetu. Tunawapa mwarobaini na pilipili kwenye maji, lakini wanakufa. Chanjo tunaambiwa inahitaji friji, nasi hatuna umeme wa uhakika.
Kikundi cha akina mama, Nachingwea

JIBU: Mama zangu, mwarobaini na pilipili havizuii mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kinachouzuia ni chanjo, na ipo inayofaa mazingira yenu. Chanjo ya I-2, ambayo hutengenezwa hapa nchini, huvumilia joto kuliko zile za zamani, hivyo mkiisafirisha kwa saa kadhaa ikiwa imefungwa katika kitambaa kibichi ndani ya kikapu, haiharibiki. Hata hivyo haivumilii jua kali, na iliyokwisha kuchanganywa isiwekwe kwa ajili ya juma lijalo.

Kipimo chake ni tone moja katika jicho moja, kwa kuku wa umri wowote, awe kifaranga wa siku moja au jogoo mkubwa. Mlaze ubavu, jicho moja lielekee juu, dondosha tone bila ncha ya chupa kugusa jicho, kisha subiri mpaka alipepese. Ukimwachia kabla hajapepesa, atatikisa kichwa na tone litaanguka chini, nawe utadhani umemchanja. Rudieni kila baada ya miezi 3, kwa sababu kinga hupungua na vifaranga wapya huanguliwa kila wakati.

Kwa kuwa ugonjwa kwenu huja mwisho wa kiangazi, hakikisheni kuwa mzunguko mmoja unafanyika mapema, Julai au Agosti, maana mwili wa kuku huhitaji kama wiki mbili kujenga kinga na chanjo haimsaidii aliyekwisha kuambukizwa. Chagueni siku moja kwa kijiji kizima na mfanye kazi alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa. Nyumba moja ikikataa, kuku wake wasiochanjwa wataendelea kuulea ugonjwa katikati yenu, na vifaranga wenu wapya ndio watakaoupata kwanza. Pia wakanyeni wanaokimbilia kupeleka kuku gulioni mara tu wanaposikia kwamba kijiji cha jirani kuna vifo. Matenga yao na kuku wanaorudi bila kuuzwa huingiza virusi kila kituo.

SWALI: Je, naweza kuwalisha kuku wa mayai dagaa wa chumvi wanaobaki sokoni? Na mayai yao yana maganda laini, sababu ni nini?
Mama mfugaji, Mikindani

JIBU: Wa chumvi hapana, isipokuwa uwaloweke, umwage maji hayo mara mbili au tatu, kisha uwaanike. Chumvi nyingi huwaua kuku, na hasa vifaranga, ambao hunywa maji bila kukoma, huharisha na kulegea miguu. Waliokaushwa bila chumvi ni wazuri. Watwange na wasizidi sehemu moja kwa kumi ya chakula chote, la sivyo mayai yatanuka samaki. Sehemu kubwa iwe pumba za mahindi na makopa yaliyotwangwa, pamoja na mashudu ya ufuta, ambayo kwenu hayakosekani. Karanga zenye ukungu usiwape hata kidogo, kwa sababu sumukuvu huharibu ini lao.

Maganda laini mara nyingi ni upungufu wa chokaa, na wewe unaishi kando ya bahari. Okota makombe, yaoshe chumvi, yachome, uyaponde hadi yalingane na punje za mtama, uyaweke katika chombo chake peke yake. Kuku anayetaga atakula kadiri anavyohitaji. Usiyachanganye na chakula cha vifaranga.

SWALI: Mbuzi wangu amezaa watoto watatu na maziwa hayawatoshi. Mdogo ananyong'onyea. Nimlee vipi?
Kijana mfugaji, Masasi

JIBU: Kama hajapata dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, hilo ndilo la kuwahi, ndani ya saa 6 za mwanzo, kwa kuwa baada ya hapo utumbo wake huanza kupoteza uwezo wa kuipokea kinga iliyomo. Mkamue mama yake, au mbuzi mwingine aliyezaa karibuni, hata ng'ombe, na umpe mtoto wa kilo 2 jumla ya mililita 200 katika saa 24 za kwanza, kidogo kidogo mara nne au tano. Paka kitovu tincha ya iodini.

Baadaye maziwa ya ng'ombe yanatosha, yakiwa na joto la mwili. Mnyweshe kwa chupa yenye chuchu akiwa amesimama na shingo imenyooka mbele, kama anavyonyonya kwa mama yake. Usimpakate chali kama mtoto mchanga wa binadamu, maziwa yatampalia. Kama mdomo wake ni wa baridi ukiingiza kidole, mpashe joto kwanza kwa gunia kavu karibu na moto, ndipo umpe maziwa. Kuanzia wiki ya pili mwekee majani laini ya kuchezea mdomoni, na usimwachishe maziwa kabla ya miezi miwili na nusu hadi mitatu.