Maswali yenu: nishuke mpaka milimita ngapi?

Swali: Shikamoo mzee wa meza. Nina vijisanamu 60 vya mchezo wa vita wa mezani, vya kimo cha 28mm, Wazulu 40 na Waingereza 20, nimevipaka rangi mwaka mzima na vinapendeza kweli. Sasa nataka kuweka vita vya Isandlwana mezani, meza yangu ni mita 1.8 kwa 1.2, ila nikiwapanga hao Wazulu 40 naona ugomvi wa harusini, sioni vita. Mmoja kaniambia shuka 15mm, mwingine 10, mwingine 6. Hizo 6mm nimeziona, punje za mchele zimepakwa rangi. Nifanyeje? (Mwenye Meza Ndogo)

Jibu: Marahaba. Hio ya ugomvi wa harusini umenichekesha manake ndo ilivyo, watu 40 wenye ngao kwenye meza nzima wanaonekana wamegombania pilau.

Kwanza hao 60 usiwauze, ntarudi kwao. Tupige hesabu kidogo. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Wazulu pale lilikuwa na watu kama 20,000, na upande wa Waingereza pamoja na wenyeji waliopigana nao jumla kama 1,800. Ukisema kijisanamu kimoja kiwakilishe watu 20, unahitaji Wazulu 1,000. Kila cha 28mm kikisimama kwenye kibao cha sentimita mbili na nusu, Wazulu peke yao wanakula karibu theluthi ya meza yako hata kabla hujaweka mlima, kambi, mabonde na Waingereza wenyewe. Afu uwapake rangi wote 1,000? We umemaliza 60 kwa mwaka, fanya hesabu mwenyewe, mi sitaki kukukatisha tamaa.

Na kuna kitu watu wengi hawakifikirii, ardhi. Tuseme urefu wa meza yako uwe kilomita 5.4 za uwanja, yaani milimita moja ya meza ni mita tatu. Kijisanamu cha 28mm kwa kipimo hicho ni jitu la mita 84, akisimama karibu na mlima wako unageuka kichuguu. Cha 10mm kinakuwa mita 30, cha 6mm mita 18. Bado ni majitu, lakini jicho linakubali, mlima unaonekana mlima.

Sasa ushauri wangu, na wengine watanipinga: kwa vita hii chukua 10mm. 15mm ni nzuri ila haikutoi mbali na tatizo lako, Wazulu 1,000 wa 15mm bado ni kazi ya miaka na bado wamebanana. 6mm ina raha yake, kwa kawaida vinakuja vimeshikana vinne vinne kwenye kipande kimoja, ukipanga vipande vitano kwenye kibao cha milimita 60 kwa 30 una watu 20 na wote wanaonekana wamesongamana kama jeshi lenyewe. Vibao 50 vya hivyo ndo Wazulu wako 1,000 na havifiki hata asilimia 5 ya meza. Ila we umetoka kwenye 28mm, umezoea kuona mtu na ngao yake, nadhani 6mm utaisusa ndani ya wiki mbili. 10mm ngao inaonekana, mkuki unaonekana, na ukishusha uwiano ukawa kimoja kwa 50 unahitaji Wazulu 400 tu. Hio ni kazi ya miezi.

Halafu kuna sababu nyingine, hii ndo yangu hasa. Safu ya mbele ya Waingereza pale ilikuwa na kompania sita za kikosi chao cha 24, kama watu 600, wamenyooshwa kwenye mstari mrefu mwembamba. Kwa 28mm wenye askari wachache unachokiona ni watu wenye mikuki wanakimbilia bunduki, basi, hadithi ileile tuliyosimuliwa na walioandika vitabu. Shusha skeli uone. Jeshi la Wazulu limepangwa kama nyati: kifua, yaani katikati, kinawashika Waingereza mbele, pembe ya kushoto inazunguka, pembe ya kulia inapita nyuma ya mlima kabisa na kukata njia ya kwenda Rorke's Drift, kituo kidogo cha Waingereza, na akiba imekaa nyuma inasubiri. Hapo unamwona Ntshingwayo kaMahole akiwa amekaa juu kule anaongoza jeshi, unaona kuna mtu alifikiri. Mi siku ya kwanza nilipoipanga yote kwa vijisanamu vidogo nikasimama juu ya kiti kuitazama, mke wangu akauliza kama nimepoteza kitu darini.

Sasa hao 60 wako. Rorke's Drift, jioni ya siku hiyohiyo, walinzi kama 150 nyuma ya magunia ya mahindi na maboksi ya biskuti, Wazulu 3,000 mpaka 4,000. Uwanja ni nyumba mbili na ua. Chukua kona moja tu ya ukuta, weka Waingereza wako 20 na Wazulu 40 wakija kwa mawimbi, aliyeanguka anarudi nyuma ya meza na kuingia tena. Hapo 28mm ndo mahali pake.

Kabla hujanunua jeshi zima nunua pakiti mojamoja ya majaribio. Pendraken wanajulikana kwa 10mm, Baccus kwa 6mm, Peter Pig kwa 15mm, ila namba ya kwenye pakiti usiiamini kama Biblia manake kuna wanaopima kutoka unyayo mpaka machoni na kuna wanaopima mpaka utosini, na 15mm ya huyu inaweza kumzidi 15mm ya yule kichwa kizima. Na kanuni zako usizitupe, zilizoandikwa kwa inchi soma sentimita badala yake, dadu ni zilezile.

Swali: Macho yangu yameanza kuchoka, nina miaka 54. Hivi vidogo si ndo vitanimaliza? Na kofia za Waingereza nizipake nyeupe pe, si ndo zilivyo kwenye picha? (Babu Miwani)

Jibu: Babu, ni kinyume. Kinachoua macho ni kikubwa, manake kwenye 28mm unajiona una deni la kuchora mboni, vifungo, kamba ya kiatu. Kwenye 10mm hakuna mboni. Niliwahi kujaribu kuchora macho kwenye 6mm, ujana ule, wakatokea wote kama wameona simba.

Wazulu fanya hivi. Puliza andakoti ya kahawia iliyokoza mwili mzima, ikikauka hio ndo ngozi tayari, umemaliza nusu ya kazi kabla hujagusa brashi. Kisha ngao nyeupe, kisha madoa kwa ncha ya kijiti cha meno, usipige mswaki, gusa tu na utoe. Mpini wa mkuki rangi ya mti, ncha fedha, ngozi za kiunoni, basi nenda kwa mwingine. Panga 20 kwenye rula ya mbao kwa gundi kidogo upake wote kwa zamu, rangi moja kwa wote ndo uhamie ya pili. Ngao zenye weusi mwingi wape vijana, zenye weupe mwingi wape wazee waliooa, ndo utaratibu wa regimenti zao ulivyokuwa, ingawa kufikia 1879 haukufuatwa kwa ukali kama zamani. Na kwa mchezaji ni msaada mkubwa sana, kwa vijisanamu vidogo rangi ya ngao ndo bendera, unajua regimenti ipi ni ipi bila kuinama.

Koti jekundu lipake jekundu la kung'aa kuliko unavyodhani, kitu kidogo kinajitia giza chenyewe na ukitumia jekundu la kweli utapata damu ya mzee. Kofia sasa, hapana, sio nyeupe. Vitani askari walizitia madoa ya chai na vitu vya namna hio ili zisiwe shabaha, kwa hio weka rangi ya chai ya maziwa. Wenye nyeupe pe ni wa kwenye gwaride.

Swali: Wazulu wapo kila mahali, Wahehe wa Mkwawa siwaoni popote. Nataka Lugalo. Nichonge mwenyewe? (Mpenda Kwao)

Jibu: Hapa ndo skeli ndogo inakuokoa, usichonge kitu. Lugalo, 17 Agosti 1891, kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo, alikuja na safu ya askari kama 320 na wapagazi kama 170, Wahehe kama 3,000 wamelala kichakani, na yeye mwenyewe hakutoka. Kwa kijisanamu kimoja kwa watu kumi unahitaji askari 32, wapagazi 17, Wahehe 300. Kwa 10mm inawezekana kabisa.

Wahehe watoe kwenye Wazulu. Sio kubahatisha, Wangoni walitoka kusini huko wakikimbia vita vya enzi za Shaka, wakavuka Zambezi 1835 wakapanda mpaka kwetu huku, na Wahehe wakajifunza kwa majirani hao ngao, mikuki na kupigana kwa vikosi. Chagua Wazulu wasio na manyoya mengi kichwani. Kwa 28mm mtu angekukamata mara moja, hii shanga sio, lile pambo sio. Kwa 10mm atakayekukamata kaja na darubini.

Askari wa Kijerumani hawa ndo rahisi zaidi. Mjerumani Wissmann alipounda jeshi lake 1889 aliwachukua Wasudani kutoka Cairo, wengi walishatumikia jeshi la Misri. Kwa hio chukua Wasudani wa jeshi la Misri kwenye vijisanamu vya vita vya Sudan, wenye tarbushi, wapake kaki, umemaliza. Wapagazi usiwabane bei, usipowaweka hakuna Lugalo. Safu ndefu ya watu mmojammoja wenye mizigo kichwani ndo iliyomuua Zelewski.

Swali: Naweza kuchanganya vijisanamu vya plastiki vya 1/72, yaani vidogo mara 72 kuliko mtu halisi, na vya 15mm ili niokoe hela? (Mchanganyaji)

Jibu: Hapana. Mtu wa mita 1.7 kwa 1/72 ana karibu milimita 24, na 15mm ni kama 1/100, yaani 17 tu. Ukishindwa kabisa basi wale wafupi waweke nyuma kabisa juu ya mlima, wataonekana wako mbali. Ila wakianza kushuka watafika wakiwa watoto wa darasa la tatu.