Swali la nne, mwanangu

Mwanangu,

Dodoso lako limefika na nimelisoma mara mbili. Umeuliza kama lugha yake inaeleweka kwa mtu wa kawaida kabla hujaligawa. Inaeleweka, hilo lisikuumize kichwa. Ila lile swali la nne, "Uko kwenye kikao, wote wanakubaliana na jambo unalojua si kweli, utafanya nini?", hapo nilishika kalamu nikakaa nayo muda mrefu. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye kisanduku cha "nitasema ukweli". Mimi huyu huyu niliyekuwepo kile kikao cha shangazi yako.

Ulikuwa mdogo lakini habari ya zile pesa za ada ya kaka yako zilizopotea, shangazi yako akashukiwa kuzichukua, unaijua. Usichokijua ni jinsi tulivyokaa. Babu yako aliuliza mmoja mmoja kwa zamu, na mimi nilikuwa wa pili kutoka mwisho. Sasa mchana wote ule wifi yangu alikuwa na mimi tunafua, kile chumba cha pesa hakukikanyaga, nilijua kama ninavyolijua jina lako. Wa kwanza akasema wifi ndiye aliyechukua, wa pili hivyo hivyo, wa tatu, wa nne, na kadiri zamu inavyosogea nikaanza kujiuliza, labda alitoka nikiwa nimeinama, hivi kweli nilimwona muda wote? Ilipofika kwangu nikasema "mimi niko na wenzangu". Wifi aliniangalia. Hakusema neno, aliniangalia tu, na mpaka leo nikikutana na macho yale nashuka yangu chini.

Pesa zilipoonekana kule zilikoonekana, baba yako mdogo, ambaye ndiye alikuwa wa mwisho, akanifuata akaniambia yeye hakuamini hata kidogo, alikubali kwa sababu aliona hata mimi niliyeshinda na wifi nimekubali. Yaani kila mmoja alimsoma mwenzake, na mwenzake naye alikuwa anamsoma yeye.

Ndiyo maana uliponieleza habari za yule mwanasaikolojia Solomon Asch na mistari yake nilinyamaza, ukadhani nimechoka. Mwaka 1951 huko Marekani, kijana wa chuo anaonyeshwa mistari aseme upi unalingana na upi, kitu cha wazi kabisa, peke yake karibu hakosei kabisa, lakini akiwekwa na kundi lililopangwa liseme uongo kwa sauti, majibu kama theluthi moja yanafuata uongo, na kama robo tatu ya vijana walifuata walau mara moja. Kilichoniuma ni kile kipande kingine: akipatikana mtu mmoja tu wa kusema ukweli kabla yake, kufuata kunashuka mpaka kama asilimia 5. Mmoja! Baba yako mdogo alikuwa anamsubiri huyo mmoja, na huyo mmoja nilikuwa mimi.

Unajua msimamo wangu tangu miaka ile nazunguka na madodoso: usimuulize mtu angefanya nini, mtazame anachofanya. Mwanasosholojia Richard LaPiere alisafiri Marekani na mke na mume Wachina, wakaingia hoteli na migahawa 251, wakakataliwa mara moja tu, baadaye akawaandikia kuuliza kama wangepokea Wachina na zaidi ya 90 kati ya kila 100 waliojibu wakasema hapana. Hiyo ni ya 1934, na bado watu wanagawa visanduku.

Lakini ngoja, hapo nawaonea watu wa dodoso. Aliyejibu barua huenda siye aliyekuwa mapokezi siku ile, halafu LaPiere mwenyewe, mzungu, alikuwa amefuatana nao. Na Asch huyo huyo alipomwacha kijana aandike jibu lake kwa siri badala ya kulisema, kufuata kulipungua sana. Mimi pia, babu yako angenipa karatasi ningeandika ukweli bila mkono kutetemeka. Kwa hiyo karatasi inakupa kilichomo moyoni, na hicho nacho ni kitu, mtafiti anayekitaka asikatazwe, ila asije akaniambia amepima nitakachofanya watu wakinitazama. Narudi palepale, mtazame anachofanya.

Sasa ukitaka kutazama itabidi upange watu waseme uongo mbele ya mtoto wa mwenzio, halafu umweleze baadaye kama Asch alivyowaeleza wake. Ulimi unaniwasha niseme hiyo ni haki au siyo haki. Niliwahi kukaa kwenye kiti kile bila mtu kunieleza chochote baadaye, na sijui hukumu yangu inatoka kichwani au inatoka kwenye kidonda, kwa hiyo hilo kaliamue na msimamizi wako.

Dodoso nakurudishia. Nimejaza yote, namba nne nimeiacha wazi.

Mama yako