Mia moja iliyonidanganya

Tangu mwaka uanze, huyu ni stajieri wa tatu ninayemwona hapa Lubumbashi akitafuta riba ya pari (kuponi, yaani riba ya kila mwaka, inayoifanya hati ya mkopo iwe na thamani ya 100 kamili) kwa kuchukua wastani wa riba za kuponi sifuri (za mkopo unaolipwa mara moja tu, mwishoni). Wadogo zangu, ninaandika kabla sijapandisha sauti.

1. Kipunguzo ni thamani ya leo ya 1 itakayolipwa baadaye. Kuponi ya pari ni moja kutoa kipunguzo cha mwisho, kisha ugawe kwa jumla ya vipunguzo vyote. Riba za kuponi sifuri za asilimia 3, 4 na 5 kwa miaka 1, 2 na 3, zikilimbikizwa kwa mwaka, zinatoa 4.93, wala si 4. Mkunjo unaopanda, yaani riba zinazokua kadiri muda unavyorefuka, huiweka pari chini kidogo ya riba ya kuponi sifuri ya muda huo huo, basi.

2. Kabla ya kufungua Excel, uliza riba inalimbikizwaje. Hapa naungama. Katika mwaka wangu wa pili kazini nililetewa namba hizo hizo, na chini ya jedwali palikuwa na mstari mdogo wa Kifaransa uliosema kwamba mlimbiko ni endelevu, yaani riba huongezwa kila wakati, si mara moja kwa mwaka. Mvua ilikuwa inapiga mabati, nami nilitaka kumaliza kabla umeme haujakatika, kwa hiyo niliuruka mstari ule na kulimbikiza kwa mwaka. Nikapata 4.93, nikaipa hati kuponi hiyo, nikazidisha malipo yake kwa vipunguzo vyangu, ikarudi 100 kamili. “Papa, imekaa!” nikamwambia mkubwa wangu, naye akatia sahihi tununue hati za dola milioni 2 kwa bei hiyo. Wiki iliyofuata mkaguzi alionyesha kwamba kipunguzo cha mwaka wa 3 kilikuwa 0.8607, si 0.8638, kwamba pari ilikuwa 5.06, na kwamba hati yetu ilistahili 99.66. Zilikuwa zimepotea dola 6,750 hivi, kwa sababu nilihakiki kwa vipunguzo vile vile nilivyokosea, na rula iliyopinda haiwezi kujisahihisha yenyewe. Papa hakunifokea. Aliikunja karatasi yangu akaitia mfukoni mwa shati, na kwa miezi kadhaa, kila nilipomletea hesabu, aliitoa akaiweka mezani bila neno.

3. Hati za Hazina ya Marekani zenye kuponi isiyobadilika hulipa kuponi kila nusu mwaka, kwa hiyo jumlisha vipunguzo vya nusu mwaka, kisha zidisha jibu kwa 2. Tena jedwali ambalo Hazina hiyo hulitoa kila siku ya kazi tayari ni la riba za pari, lakini juzi mmoja wenu aliligeuza kuwa la pari kana kwamba ni la kuponi sifuri, mkunjo ukashuka. Nilipomuuliza kama amehakiki, alinijibu kwa heshima zote:

“Ndiyo, Papa. Imerudi 100.”