Nimehamia Nairobi kutoka Dar es Salaam na sina rafiki: nimekosea wapi?

SWALI

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 31, mzaliwa wa Magomeni, Dar es Salaam. Nilihamia Nairobi mwezi Februari baada ya kupata kazi ya uhasibu, na ninaishi South B katika jengo la ghorofa tano. Kazi ninaipenda na mshahara hauna neno. Kinachonikondesha ni upweke. Huu ni mwezi wa sita na sijakanyaga nyumba ya Mkenya hata mmoja, ilhali kule kwetu mgeni hamalizi wiki kabla hajajua majina ya watoto wote wa mtaa.

Wenzangu kazini ni wachangamfu mchana kutwa. Tunapoagana Ijumaa huniambia "tutafutane", nami Jumamosi nzima hukaa na simu mkononi nikingoja. Mwezi Mei nilikaanga visheti nikampelekea jirani wa mlango wa pili bila kumwarifu. Alifungua mlango nusu, akapokea sahani, akashukuru, akaufunga. Sahani ilirudi kesho yake kupitia kwa mlinzi wa getini, ikiwa tupu. Siku nyingine, tulipokuwa tukila chakula cha mchana, nilimwambia mhudumu "naomba maji, kaka", na wenzangu wakacheka wakasema ninaongea kama msomaji wa taarifa ya habari. Tangu hapo nimekuwa mzito wa kufungua kinywa.

Kuna jambo jingine dogo. Mwezi Juni niliingizwa katika kundi la WhatsApp la kuchangia mazishi ya baba wa mwenzetu wa idara nyingine, mtu ambaye hata sura yake siikumbuki vizuri. Ujumbe uliingia usiku na mchana, na orodha ya majina ilirudiwa yote kila mtu alipochanga. Nikajitoa. Sidhani kama hilo linahusiana na ninayoyauliza, ila naona tangu siku hiyo salamu zimepoa.

Jumapili huenda kwenye misa, nikarudi nyumbani kulala. Mama yangu anasema nirudi Dar mkataba wangu wa mwaka mmoja ukiisha. Je, nimekosea wapi, na je, nirudi?

Mgeni, South B

JIBU

Marahaba, mwanangu. Lile jambo uliloliita dogo, la kundi la mchango, ndilo nitakaloanza nalo, kwa sababu naamini limebeba sehemu kubwa ya jibu unalolitafuta.

Kumbuka inavyokuwa Magomeni kukiwa na msiba. Turubai hufungwa, mikeka hutandikwa, wanawake huingia uani kupika, wanaume hukaa nje hadi usiku wa manane, na hakuna anayekuuliza kama ulimjua marehemu, kwa maana unakwenda kwa kuwa ni mtaa wako na waliofiwa ni watu wako. Asiyeonekana misibani husemwa, na siku yake inapofika huzikwa na watu wa kuhesabika. Wewe umekua ukilijua hilo bila kufundishwa, na sidhani kama umewahi kupita mbele ya turubai la jirani ukaendelea na safari yako. Sasa kundi lile la WhatsApp lilikuwa ndilo turubai. Wenzako walikuvuta mkono wakakuketisha mkekani pamoja nao, nawe ukainuka ukaondoka. Msimamizi wa kundi huarifiwa mtu anapojitoa, na habari za namna hiyo hazikai kwa mtu mmoja.

Sikulaumu, maana hakuna aliyekueleza. Ila ni vyema ujue kwa nini mambo yako hivi, usije ukadhani ni ukatili au ni tamaa ya fedha. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika alihesabiwa humu kuwa kibarua wa kupita tu: alitembea na kipande, yaani kitambulisho alicholazimishwa kubeba, akapewa malazi ya mtu mmoja yasiyo na nafasi ya mke wala watoto, na alitarajiwa kurejea kijijini kwao kazi ikiisha. Aliyefia mjini, watu wa kwao ndio waliochangishana ili mwili wake ukazikwe nyumbani. Desturi hiyo haikufa baada ya uhuru wa 1963, ambapo Harambee ikawa wito wa taifa zima. Iliingia ofisini, kanisani na katika majengo ya kupanga, na M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 mchango ukahamia simuni. Hadi leo wakazi wengi wa Nairobi huwa na mahali pengine wanapopaita nyumbani, na mazishi yao hufanyika huko. Jirani wa Nairobi basi hawezi kuonyesha ujirani kwa kupika uani, kwa sababu msiba uko mamia ya kilomita kutoka mlangoni pake. Anachoweza ni kuchanga, kuhudhuria mikutano ya maandalizi jioni baada ya kazi, na akipata nafasi, kupanda basi la waombolezaji. Najua Dar pia kuna watu wanaosafirisha maiti zao hadi Moshi au Bukoba, kwa hiyo jambo lenyewe si geni kwako. Ugeni ni kwamba hapa limekuwa njia kuu ya watu kujuana.

Orodha ile iliyokuchosha ina kazi yake. Inaporudiwa, kila mtu huona nani yuko pamoja na mfiwa, na aliyetuma shilingi 200 huandikwa jina sawasawa na aliyetuma 5,000. Wengi watakaokualika kwao baadaye ni wale waliokuwa juu au chini ya jina lako katika orodha kama hiyo, kwa kuwa ndipo walipokuona mara ya kwanza kama mtu wao. Fanya hivi wiki hii: mtafute mwenzako aliyefiwa, si kwa simu bali kwa miguu, umpe pole, umwambie kwamba ulijitoa kwa kutokujua na si kwa dharau, kisha umtumie kiasi unachokiweza. Usijieleze sana. Na kundi lingine litakapoundwa, kwa maana halikosi kuundwa, zima mlio wake ubaki ndani. Huna wajibu wa kuchangia kila kitu. Kuna michango ya harusi ambayo hata mimi huipita. Msiba na ugonjwa usivipite.

Kuhusu "tutafutane", hayo ni maneno ya kuagana. Yanabeba upendo kidogo, lakini hayana siku wala saa, na aliyeyasema huwa hangoji kitu. Nairobi mwaliko wa kweli huwa na siku, saa na mahali. Akikwambia tena, mjibu papo hapo: "Jumamosi saa nane, tule pamoja Kenyatta Market?" Hapo utajua kama neno lilikuwa na uzito. Nakubali kwamba Dar nako kuna foleni na watu wamechoka, lakini zipo tofauti ambazo mtu hazioni mpaka aonyeshwe. Joto la pwani huwatoa watu nje jioni, wakakaa barazani au kwenye kijiwe cha kahawa, na ujirani unazaliwa hapo bila mtu kuupanga. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari; mwezi wa Julai giza likiingia kila mtu hukimbilia ndani, na katika jengo la ghorofa tano hakuna baraza. Wewe ulifika Februari wakati wa jua, na miezi unayoihukumu sasa ndiyo ya baridi kuliko yote. Ongeza hapo hofu ya wizi ya miaka mingi, na shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate mwaka 2013 lililofanya mageti, masoja (ndivyo tunavyowaita walinzi) na madaftari ya wageni yaongezeke. Serikali ilianzisha Nyumba Kumi mwaka huohuo kwa kufuata mfano wa kwenu, lakini katika majengo ya kupanga sijaona ikimfanya mtu amjue jirani yake kama balozi wa nyumba kumi anavyowajua watu wake.

Sasa Kiswahili chako. Tafadhali usikibadilishe. Kiswahili kilifanywa somo la lazima la mtihani katika shule zetu tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na Wakenya wengi wa bara wa rika lako walikijua kwanza kama alama kwenye karatasi, kikiwa na ngeli za kukaririwa na mwalimu wa kuogopwa. Wanaposikia mtu akiomba maji kwa lugha ileile waliyoshindwa nayo darasani, huona aibu, na aibu ya watu walio pamoja mezani hutoka kama kicheko. Nami nililetwa hapa na kazi kutoka Mombasa nikiwa msichana, nikachekwa hivyohivyo, na nililia chooni kabla sijaelewa. Vivyo hivyo wewe ukimsikia mtu akisema "nipe chai" bila "naomba", usidhani anamdharau mhudumu; ndivyo ombi linavyosemwa hapa, na heshima huwekwa katika sauti. Jifunze Sheng, lugha ya mitaani ya hapa, ya kutosha kuelewa, ongea lugha yako, wala usimsahihishe mtu ambaye hajakuomba.

Umeniambia unakwenda kwenye misa kisha unarudi kulala. Mwanangu, wewe Mkatoliki wa Dar umesahau jumuiya? Jumuiya ndogo ndogo ziko Nairobi kama zilivyo kwenu, na hukutana nyumbani kwa wanajumuiya kwa zamu. Jumapili ijayo usitoke mara tu baada ya baraka. Muulize katekista au karani wa parokia ni jumuiya gani iliyo karibu na jengo lenu na hukutana siku gani. Umelalamika kwamba hujakanyaga nyumba ya Mkenya. Huko utakanyaga nyingi, na zamu ikifika kwako watakuja kwako wakiwa na Biblia na rozari, na pengine na mkate na pakiti ya maziwa mkononi.

Vilevile kuna chama. Mnachokiita upatu au kikoba, hapa huitwa chama, na vyama vya wanawake ni vingi mno jijini, vya watu wa kazi moja, wa kanisa moja, waliosoma pamoja au wa ploti moja. Mara nyingi wanachama hukutana kwa zamu majumbani, na kwa wanawake wengi wa Nairobi niwajuao, hiyo ndiyo siku wanayotenga mapema kwa ajili ya wenzao. Hata hivyo hapa nakuomba uwe mwangalifu. Usiingie kwa sababu ya upweke katika chama cha watu usiowajua, ukaanza kutoa maelfu kila mwezi. Kaa kwanza na watu wa jumuiya au wa kazini kwa miezi kadhaa, kisha ukialikwa uliza kama kina katiba, nani anatia sahihi kwenye akaunti, na anayejitoa hurudishiwaje fedha zake. Wewe ni mhasibu. Chama chochote kitafurahi kukupata, na pengine watakukabidhi vitabu kabla hujajua majina yao yote.

Kuhusu kurudi nyumbani, mheshimu mama yako lakini usiamue Julai. Mkataba wako unakwisha Februari, na ungali na miezi saba, ikiwemo Desemba, ambapo watu hufunga nyumba zao na kwenda mashambani kwao. Ukiwa umeshazoeana na mtu mmoja tu kufikia wakati huo, huenda akakwambia mwende pamoja, na mwenyeji wa Nairobi akikupeleka kwao amekupa kitu ambacho hakumpi kila mtu. Lakini ikifika Januari ukiwa umejaribu haya yote na moyo ungali mzito, rudi kwa amani. Kazi ya uhasibu haikosekani Dar es Salaam, na kumrudia mama hakumvunjii mtu heshima.

Nimebakiza ile sahani. Iliniuma hata mimi, maana pwani chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hata huku bara zipo jamii ambazo kiondo cha mgeni hakirudishwi bila kitu ndani, lakini mgeni huyo ni yule aliyeingia, akaketi, akanywa chai. Wewe ulimkuta mwenzako ghafla mlangoni, pengine amevaa nguo za kulalia na sebule imetapakaa, akaona aibu kukukaribisha na aibu kukufukuza, akachagua kufungua nusu. Mwombe soja akupatie namba yake kwa idhini yake, umwandikie: "Jirani, mimi ni yule wa visheti. Jumapili saa kumi nitakuwa na chai na vitumbua, karibu uje na watoto." Umenieleza vizuri milango ambayo haijafunguliwa kwako, na katika barua nzima sikuona mahali ambapo mtu wa Nairobi aliwahi kualikwa aingie kwako. Andaa vikombe vya ziada, kwa sababu huenda akaja na dada yake.