Ukiambiwa rea, usiongeze dakika mbili za huruma

Usiku wangu wa pili kwenye grili, katika hoteli moja hapa Arusha, iliingia oda ya wageni wanne waliotoka Serengeti mchana ule. Steki nne za sirloini, yaani nyama ya kiuno cha ng'ombe: rea moja, ambayo ndani hubaki nyekundu, midiam rea mbili, zilizoiva kidogo zaidi, na weli dani moja, iliyoiva kabisa. Ile ya rea ilishashika rangi nje pande zote, lakini nilijua ndani bado nyekundu, na roho ikagoma kuitoa. Nikaiongezea dakika mbili. Haikupita muda sahani ikarudi. Shefu akaikata katikati, akaniangalia, akasema, "Hii umempikia mama yako."

Sikuwa na la kujibu. Wengi wetu tumelelewa na nyama inayochomwa mpaka inaachia mfupa, na nyama yenye wekundu kwetu ni mbichi tu, hakuna mjadala. Kwa hiyo, mdogo wangu unayeanza kazi, kabla hujaunguza steki hata moja, utaharibu kadhaa kwa huruma.

Kile chekundu kinachotiririka kwenye sahani si damu. Damu ilishatoka machinjioni. Ni maji ya msuli yenye protini inayoitwa myoglobini, na wekundu wake huanza kufifia joto linapokaribia nyuzi 60. Ndiyo maana midiam ina pinki tu katikati na weli dani ni kahawia mpaka ndani. Nyama ni ileile, kilichobadilika ni joto la katikati. Kariri hivi: rea ni nyuzi 50 hadi 52, midiam rea 54 hadi 57, midiam 60 hadi 63, midiam weli 65 hadi 68, na kuanzia 71 ni weli dani. Ukitazama vizuri utaona kati ya ngazi moja na nyingine kuna nyuzi chache tu, na juu ya mkaa mkali nyuzi hizo zinapita wakati unageuka kumjibu weita.

Namba hizo ni za nyama inapofika mezani, si za nyama ikiwa juu ya moto. Steki nene ya sentimita 3 ikishatolewa huendelea kupanda yenyewe, kwa sababu joto la nje linaendelea kuingia ndani. Itoe ikiwa bado imebakiza nyuzi 3 au hata 5, iweke kwenye waya, si kwenye sahani bapa inayolowesha ganda, na uiache dakika tano. Mgeni akitaka midiam rea, mimi naitoa kwenye 52. Ikipungua unairudisha motoni. Ikizidi, huna la kufanya.

Tumia kipimajoto. Utakutana na wakongwe watakaokufundisha kubonyeza steki kwa kidole na kulinganisha na kiganja chako. Wanaoweza wapo, lakini wamebonyeza maelfu. Tena fileti, ule msuli wa ndani ya kiuno, ni laini hata ikiwa imeiva sana, wakati sirloini ya ng'ombe wetu wa malisho ni ngumu hata ikiwa rea, sasa kidole kitakuambia nini? Choma sindano kwa ubavuni, ncha ifike katikati kabisa. Ukichomea juu ni rahisi kupitiliza ukapima upande ulio karibu na moto. Kila asubuhi kihakiki kwenye glasi ya barafu iliyochanganywa na maji, lazima kisome 0. Usikihakiki kwa maji yanayochemka ukitegemea 100, maana Arusha tuko kwenye mita 1,400 hivi na maji huku yanachemka kwenye 95. Mwenzangu mmoja alitupa kipimajoto kizima kwa kutolijua hilo.

Kabla ya moto, ifute nyama kwa karatasi ya jikoni mpaka ikauke. Ikiwa na maji juu, moto utaanza kwa kuyakausha hayo kwanza, na huku nje unasubiri rangi, ndani inazidi kuiva. Chumvi itie dakika 40 au zaidi kabla, au itie pale pale unapoiweka motoni. Ukitia dakika kumi kabla, utaikuta imetoa jasho.

Mkaa uwe umeshavaa jivu jeupe, na uusukume upande mmoja, ili upate sehemu kali ya kupatia rangi na sehemu tulivu ya kumalizia. Mafuta yakidondoka na moto ukaruka, isogeze nyama, usimwagie maji jivu likaja juu. Igeuze mara nyingi unavyotaka. Ule msemo wa kugeuza mara moja tu hauna msingi, ikigeuzwa mara kwa mara inaiva sawasawa zaidi. Oda ikiwa na mchanganyiko, weli dani inatangulia kuingia, rea inaingia mwisho.

Na weli dani usiidharau. Wapo wapishi wanaomtengea mtu wa weli dani kipande kibaya kuliko vyote, wakidai hatajua. Atajua. Ipe nyama yake rangi upande mkali, halafu iache imalizike taratibu upande wa utulivu, na uitoe kwenye 68. Ukiisahau juu ya moto mkali unapeleka soli ya kiatu.

Kuna sehemu moja ambayo huruma inaruhusiwa, nayo ni usalama. Kwenye kipande kizima, bakteria wengi wako juu, na moto unawamaliza. Nyama ya kusaga imechanganywa, wa juu wameingia ndani, kwa hiyo baga ifike 71 hata mgeni akilalamika. Tegu wa ng'ombe naye hukaa ndani ya msuli, basi usipike rea kwa nyama isiyo na mhuri wa mkaguzi. Nyama iliyochinjwa leo asubuhi pia iache, bado imekakamaa, itakuwa ngumu kwa kiwango chochote. Na kama ulikuwa hujui, Wizara ya Kilimo ya Marekani yenyewe inashauri steki ifike 63 na ipumzike dakika tatu, kwa hiyo anayeagiza rea ameamua mwenyewe.

Usiku ule, baada ya kufunga jiko, shefu alichukua ncha ya sirloini iliyobaki, akaikata vipande vitatu, akavichoma na kuvitoa kwenye 49, 53 na 68. Akanisogezea kile chekundu kwanza. Nilitafuna nimefumba macho. Nilipofumbua, nikaomba chumvi kidogo na kipande cha pili.