Upupu umechanua nyuma ya nyumba, niukate au niuache?

SWALI: Habari za kazi jamani. Huku kwetu Muheza kuna upupu umepanda kwenye mkorosho nyuma ya nyumba, saa hizi una maua ya zambarau yananing'inia mazuri kwelikweli, watoto wanayachuma wanachezea na wala hawawashwi. Mume wangu anasema tuuache mpaka kiangazi, ukishakauka tuuchome moto. Afu bwana shamba kawagawia watu wa kijiji cha pili mbegu za mukuna eti za kurutubisha shamba, mbona nasikia ndo upupu huohuo? – Mama Zuhura

JIBU: Mama Zuhura, shemeji atusamehe, ila akisubiri kiangazi mtawashwa mtaa mzima. Ua haliwashi, kinachowasha ni vile vinyoya vya kahawia juu ya maganda, na maganda yakikauka vinyoya vinang'oka kirahisi, upepo kidogo tu vinaruka, sasa hapo ndo mtu aje na panga na moto! Kata sasa hivi ukiwa bado na maua, shina chini kabisa, huko juu utanyauka wenyewe. Chungulia kwanza lakini, maana vishada vya mwanzo vinaweza kuwa vimeshafunga maganda.

Mtu akishapata asijikune, anavizamisha zaidi. Abandike selotepu abandue, arudie rudie, kisha maji mengi na sabuni, na nguo zake zifuliwe peke yake. Vidonge vya aleji usivitegemee sana kwasababu kinachowasha hasa ni protini ya kwenye vinyoya, inaitwa mukunaini, haipiti njia ya aleji za kawaida.

Mukuna ya bwana shamba ndiyo, ni upupu huohuo ila aina iliyochaguliwa isiyowasha. Ni jamii ya maharage, mizizi ina vinundu vya bakteria wanaovuta naitrojeni ya hewani, na majani yanafunika ardhi mpaka magugu yanakosa mwanga. Mimi ningeomba mbegu.

Kuzila sasa ndo hapana, zina levodopa, dawa ileile wanayopewa wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Mwaka 1989 kule Nampula, Msumbiji, watu walizila wakati wa njaa wakachanganyikiwa akili. Walikuwa wamezoea kuzichemsha na kumwaga maji mara kadhaa, ila ukame ulibana, maji ya kumwaga wangeyatoa wapi? Kwahiyo na wale wanaouza unga wa upupu wa nguvu za kiume, shemeji asinunue, hasa kama anameza dawa za presha.