Mleta mada, usianze na mfungo, anza kwa kumwendea

Mleta mada, hebu simama hapo hapo. Unasema rafiki yako wa kanisani kakukosea, umemfungia namba ili "ulinde usafi wa moyo", na sasa unataka kuingia kwenye mfungo huku kikundi cha maombi kikikubeba. Halafu unauliza usome zaburi ipi, na kama uendelee kuimba kwaya. Ndugu yangu, njia hiyo nimeipita, inakokwenda nakujua.

Mimi niliambiwa kwamba rafiki yangu, aliyekuwa msimamizi kwenye harusi yangu, kasema naongoza sifa kwa kujionyesha. Nikaumia. Badala ya kumuuliza mwenyewe nikakimbilia kwa mlezi wangu wa kiroho. Akaniambia, kwa ile sauti ya upole ya mtu asiyetaka ubishe: "Usimwambie kitu, mpelekee Mungu. Ukijibizana naye utauchafua moyo wako." Maneno matamu hayo, ya kuandika kwenye kalenda. Ila Mathayo 18:15 inasema kinyume chake: "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu". Mtu amefundisha Neno miaka yote hiyo, mstari huo aliuruka vipi? Nikimkumbuka bado napandwa na hasira. Ndiyo, najua, tunazungumzia moyo safi. Niacheni kwanza.

Basi nikafunga. Mwili ukapungua, kinyongo kikanenepa. Nikipiga magoti ni kumshitaki tu, mwanzo hadi amina. Mwisho nikaandika kwenye kikundi cha maombi cha WhatsApp: "Wapendwa, tumwombee mtumishi mwenzetu mmoja, anasumbuliwa na roho ya wivu. Jina nalihifadhi." Nalihifadhi! Tulikuwa wawili tu tunaoongoza sifa, na kanisa zima lilishaona hatusalimiani. "Amina" zikamiminika. Dada mmoja akauliza, "Ni yule?" Nami, kwa hekima zangu zote, nikajibu kwa kile kikatuni cha mikono iliyounganishwa. Sikusema ndiyo, eti.

Rafiki yangu mwenyewe alikuwemo humo humo. Akasoma, hakujibu neno, tukaona tu ameondoka kwenye kikundi. Baadaye wakahama kanisa, yeye na mkewe, na mke wangu akapoteza shoga yake kwa jambo asilolijua. Mpaka leo sijui kama maneno yale aliyasema au nililetewa umbea, kwa sababu sikuwahi kumuuliza.

Ndiyo maana nasema huyo mlezi alinipoteza. Alinifanya niamini kuwa moyo safi unalindwa kwa kukaa mbali na watu, kama kitambaa cheupe kabatini. Lakini Yesu katika Marko 7 anasema kinachomtia mtu unajisi kinatoka ndani yake. Sasa ukimkwepa mwenzako unakuwa umekwepa nini, wakati kilichokuchafua umelala nacho? Torati yenyewe imeyaweka mambo haya mawili kwenye mstari mmoja, Walawi 19:17: usimchukie ndugu yako moyoni mwako, umkemee. Nilivyouelewa mimi, ukimnyamazia mtu, ile chuki haiondoki, inabaki humo ikilelewa.

Na kama jibu lako ni Zaburi 51, ile ya "uniumbie moyo safi", soma kichwa chake kwanza. Daudi aliiomba baada ya nabii Nathani kumwendea, kwa kosa la kulala na Bathsheba, mke wa mtu. Alimwendea mfalme, uso kwa uso, akamwambia "wewe ndiwe mtu huyo". Hakuomba watumishi wa jumba la mfalme wamkumbuke "ndugu mmoja mwenye changamoto ya wake za watu".

Kama huyo mtu ni wa kupiga au kutishia, hapo ni habari nyingine, usiende peke yako. Lakini kwa ulivyoeleza, wewe umesemwa tu. Mwendee kabla ya mfungo, kabla ya mlezi, kabla ya kikundi, na kabla mkeo hajajua. Ukifika, uliza kwanza. Hukumu iache nyumbani.

Suala la kwaya waachie wengine humu walijibu. Wewe mfungulie namba leo hii, umwandikie: "Nina jambo linanisumbua kati yetu, naomba tuonane." Usiongeze mstari wa Biblia.